Sarafu Kubwa ya Sudbury: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Juu ya kilima kilicho kando ya barabara katika mji wa Sudbury, jimbo la Ontario nchini Kanada, imesimamishwa sarafu ya senti tano yenye kipenyo cha mita 9 na unene wa sentimita 61. Huitwa Big Nickel, kwa kuwa Wakanada huiita senti tano kwa jina la nikeli, madini yale yale yaliyoujenga mji huo. Kila mwaka wasafiri husimama hapo kupiga picha, na wengi wao huondoka na habari ambazo si za kweli.

Iliyoenea zaidi ni kwamba sarafu hiyo ilijengwa na kampuni ya madini, au na serikali, ili kuonyesha utajiri wa eneo hilo. Dhana hii haishangazi, kwani Sudbury uliishi kwa migodi kwa miongo mingi, na ni vigumu kuamini kwamba kitu kikubwa kiasi hicho kingeweza kusimama bila mkono wa wakubwa. Lakini wazo lilikuwa la Ted Szilva, askari wa zimamoto wa mji huo. Mwaka 1963 alilipeleka kwa kamati ya mji iliyokuwa ikitafuta namna ya kuadhimisha miaka 100 ya Kanada, ambayo ingetimia mwaka 1967, na kamati ikalikataa. Szilva hakuliacha. Alitafuta ardhi nje kidogo ya mpaka wa mji, mahali ambapo sheria za ujenzi za mji hazikumfikia, akachangisha fedha kwa kuuza medali za ukumbusho, kisha akashirikiana na Bruno Cavallo, fundi wa mabango, katika kuisanifu na kuijenga. Ilizinduliwa tarehe 22 Julai 1964, miaka mitatu kabla ya maadhimisho yenyewe. Kwa maoni yangu, kumpa sifa hiyo mtu mwingine ni dhuluma, maana bila ukaidi wa mtu huyu mmoja pasingekuwa na kitu cha kupigia picha.

Wengine hudhani kwamba, kwa kuwa ni sanamu ya sarafu ya nikeli katika mji wa nikeli, basi imetengenezwa kwa nikeli tupu. Sivyo. Imeundwa kwa mabamba ya chuma kisichoshika kutu. Nikeli tupu ilitumika katika sarafu ndogo iliyoigwa, yaani senti tano ya ukumbusho ya mwaka 1951, iliyotolewa kuadhimisha miaka 200 tangu Axel Fredrik Cronstedt, mwanakemia wa Uswidi, alipoitambua nikeli kuwa elementi mwaka 1751. Mwaka huo huo wa 1951 Kanada ilianza pia kutengeneza senti tano za chuma zilizopakwa kromi, kwa sababu nikeli ilihitajika katika vita vya Korea.

Umbo lake nalo huzua maswali. Mtu aliyezoea sarafu za duara huona pembe 12 na kudhani kwamba fundi alikosea, au aliona mabamba yaliyonyooka ni rahisi kuyaunga. Hakukosea. Senti tano za Kanada zilikuwa na pande 12 kuanzia mwaka 1942 hadi 1962, na zilirudishwa kuwa duara mwaka 1963, hivyo sanamu ilipozinduliwa tayari ilikuwa inafanana na sarafu iliyoacha kutengenezwa. Sura ya mfalme inayoonekana upande mmoja ni ya George VI, aliyefariki Februari 1952.

Upande wa pili una picha ya kiwanda cha kusafisha nikeli chenye bomba la moshi lililosimama katikati, na hapo ndipo hata baadhi ya wenyeji hukosea, wakisema kwamba ni lile bomba mashuhuri la Sudbury lenye urefu wa mita 381. Tarehe zinatosha kuikanusha dhana hiyo: bomba hilo lilianza kazi mwaka 1972, miaka 21 baada ya sarafu kuchongwa na miaka minane baada ya sanamu kuzinduliwa.

Karibu na sanamu kuna njia za chini ya ardhi ambazo wageni huteremka kuzitazama, na wengi huamini kwamba ni mgodi wa zamani uliokwisha madini. Ukweli ni kwamba zilichimbwa kwa ajili ya wageni, ili waone wachimbaji wanavyofanya kazi.

Dhana nyingine inahusu asili ya utajiri wenyewe. Husemwa kwamba nikeli ya Sudbury ililetwa na kimondo kutoka angani. Kimondo kilianguka kweli, yapata miaka bilioni 1.85 iliyopita, lakini nikeli inayochimbwa ilitoka katika miamba ya dunia yenyewe, iliyoyeyushwa na mshindo ule, na madini mazito yakazama na kujikusanya chini ya mwamba ulioyeyuka. Hoja ya kwamba bonde la Sudbury ni alama ya kimondo ilitolewa na mwanajiolojia Robert Dietz mwaka 1964, mwaka ule ule wa sarafu. Kwa sababu hiyo wanaanga wa Apollo 16 na Apollo 17, safari za Marekani za kwenda Mwezini, walifika Sudbury mwaka 1971 na 1972. Walikuja kujifunza kuitambua miamba iliyovunjwa na vimondo, wala hawakuvutiwa na ukame wa vilima vilivyoachwa bila miti na moshi wa viwanda, ingawa mpaka leo husimuliwa kwamba mji ulichaguliwa kwa kuwa ulifanana na Mwezi.

Hatimaye, si kweli kwamba sarafu haijawahi kuondoka pale kilimani. Mwaka 2001 iliteremshwa ili ikarabatiwe, ikarudishwa mwaka 2003, wakati kituo cha sayansi ya ardhi kiitwacho Dynamic Earth kilipofunguliwa. Wala haikuwa peke yake tangu zamani: Szilva aliizungushia sarafu nyingine kubwa, zikiwemo senti moja ya Marekani yenye sura ya Lincoln na nusu dola yenye sura ya Kennedy. Hizo ziliondolewa baadaye, ikabaki senti tano.