Darasa la ufinyanzi la vipindi sita hupangwa kuanzia tanurini

Msanii akiombwa na kituo cha sanaa cha jamii afundishe ufinyanzi kwa wanaoanza, mara nyingi kitu cha kwanza anachoandika ni orodha ya vyombo: bakuli, kikombe, chungu. Mimi huanza na tanuri, nikihesabu kutoka siku ya kuchukua vyombo kurudi nyuma. Udongo haukimbizwi. Asiyehesabu hivyo hufika kipindi cha mwisho akiwa na watu kumi mlangoni na vyombo vibichi rafuni.

Chukua kozi ya kawaida: vipindi sita vya saa mbili, kimoja kila wiki, wanafunzi kumi, tanuri moja ya umeme. Chombo chenye kuta za milimita 6 hadi 8 hukauka kwa siku 7 hadi 10, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, wiki mbili. Uchomaji wa kwanza, pamoja na kupoa, unakula siku mbili. Halafu chombo kinapakwa gilezi, ule utando unaoyeyuka na kuwa kioo juu yake, kisha uchomaji wa pili nao unakula siku mbili. Kwa hesabu hiyo, baada ya kipindi cha tatu hakuna kufinyanga tena. Nusu ya kozi tu ndiyo ya udongo mbichi, na ni vizuri wanafunzi waambiwe siku ya kwanza.

Mpangilio wangu ni huu. Kipindi cha kwanza ni bakuli dogo la kufinya kwa vidole, cha pili kikombe cha vipande bapa, cha tatu chungu kidogo cha kamba za udongo. Kufikia kipindi cha nne mabakuli yameshachomwa mara moja, pamoja na vikombe vilivyowahi kukauka, na wanafunzi wanajifunza kupaka gilezi kwenye mabakuli hayo tu. Yanachomwa mara ya pili wiki hiyohiyo. Kipindi cha tano kila mtu anashika bakuli lake lililokamilika, anaona mahali gilezi ilipokuwa nzito au ilipochuruzika, ndipo anapaka kikombe na chungu. Cha sita ni cha kuchukua na kukagua.

Wiki yenye msongamano ni ile ya kati ya kipindi cha nne na cha tano: mabakuli yachomwe mara ya pili mara tu baada ya darasa, yatolewe, halafu vyungu vyenye siku kama kumi za kukauka viingie. Kama darasa jingine linatumia tanuri hiyo wiki hiyo, ondoa chungu kwenye kozi. Usiondoe jaribio la bakuli, kwa sababu hilo ndilo linalookoa vyombo vingine vyote. Kumbuka pia kwamba katika uchomaji wa kwanza vyombo vinaweza kugusana na hata kuingizwa kimoja ndani ya kingine, lakini vyenye gilezi vinataka nafasi ya karibu sentimita moja pande zote. Mzigo uliotosha mara moja kwenye uchomaji wa kwanza unaweza kudai mara mbili kwenye wa pili.

Udongo: gramu 500 kwa bakuli, 700 kwa kikombe na mpini wake, kilo moja na nusu kwa chungu. Weka kilo 5 kwa kila mtu, maana mabaki na makosa ni mengi, ingawa mabaki hayo hulowekwa na kukandwa upya. Mifuko minne ya kilo 12.5 inatosha watu kumi. Urefu wa chombo mimi huuwekea kikomo cha sentimita 15. Chombo kirefu kimoja hulazimisha rafu nzima ya tanuri kupanda juu, na wengine tisa wanakosa nafasi. Waambie pia kwamba udongo wa joto la kati, yaani ule unaokomaa kwenye nyuzi kama 1230, husinyaa kwa jumla kama asilimia 10 hadi 12, hivyo kikombe cha sentimita 12 kitatoka kikiwa na takriban sentimita 10.7.

Kwenye kufundisha kwenyewe, wasanii wazuri hukosea palepale: wanaonyesha kwa dakika arobaini, tena kwa kasi yao ya kila siku. Dakika kumi zinatosha. Chukua donge lako mwenyewe, zamisha kidole gumba hadi ibaki sentimita moja chini, kisha finya kuanzia chini kwenda juu huku ukizungusha. Ukitaka kurekebisha kazi ya mwanafunzi, rekebisha kwenye donge lako yeye akitazama. Ukimpokonya bakuli na kulinyoosha, atakuwa na bakuli zuri ambalo hajui kulitengeneza.

Mdomo wa bakuli utapasuka nyufa ndogo kwa karibu kila mtu, kwa sababu joto la mikono linaukausha. Wataomba maji. Wape sponji yenye unyevu kidogo wapitishe ukingoni, si bakuli la maji, kwa kuwa udongo uliolowa hulegea na kuta huanguka.

Kikombe cha bapa ndicho chenye mtego mwingi. Bapa lisukumwe kati ya vijiti viwili vya unene wa milimita 7 ili lilingane kote, na ligeuzwe upande wa pili kila baada ya misukumo michache. Lililosukumwa upande mmoja tu hujikunja likikauka. Liache likakamae kwanza: kidole kikibonyeza hakiachi shimo, lakini ukucha bado unakwaruza. Hapo ndipo unakata na kuunga. Kila mahali pa kuungana pakwaruzwe kwa sindano pande zote mbili, papakwe uji wa udongo uleule, vipande visogezwesogezwe hadi vikatae kuteleza, kisha kamba nyembamba ya udongo ikandamizwe kwa ndani. Maji matupu hayaungi. Yanakauka na kuacha ufa, na ufa huo mara nyingi huonekana baada ya uchomaji wa kwanza, wakati hakuna la kufanya.

Mpini hupasuka kwa sababu nyingine: ni mwembamba kuliko mwili wa kikombe, hukauka na kusinyaa mapema, ukajivuta. Unge mpini wenye unyevu sawa na kikombe, kisha uzungushie ukanda wa plastiki kwa siku mbili za mwanzo huku kikombe chenyewe kikiwa kimefunikwa kwa ulegevu. Jina lichorwe kitakoni kwa sindano kabla kazi haijawekwa rafuni. Krayoni na kalamu huungua, na vikombe kumi vya darasa moja hufanana kupita unavyodhani.

Watu wengi, hata walimu, wanaamini kwamba chombo hulipuka tanurini kwa sababu ya kipovu cha hewa. Kinacholipua ni maji. Maji yakigeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara 1,600, na ukuta mnene wenye unyevu hauwezi kuutoa mvuke huo kwa haraka. Ndiyo maana nakataa kuta zinazozidi sentimita moja, na ndiyo maana chombo kinawekwa shavuni kabla ya kuingizwa: kikiwa cha baridi kuliko hewa ya chumba, bado kina maji. Hata kilichokauka nakishikilia kwenye nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi usiku mzima, tanuri ikiwa na tundu wazi la kutolea mvuke. Baada ya hapo, nyuzi kama 100 kwa saa hadi 600 ni mwendo salama kwa kazi za wanaoanza, kwa kuwa katika kipande hicho maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka, na kwenye nyuzi 573 chembe za kwazi, madini magumu yaliyomo kwenye udongo, hubadili umbo na kutanuka ghafla. Maliza karibu nyuzi 1000. Usifungue ikiwa juu ya 100, hata wanafunzi wakikusubiri mlangoni.

Kwa gilezi, weka ndoo tatu tu. Ukiwapa kumi watachanganya kumi. Futa vumbi la chombo kwa sponji yenye unyevu, kwa sababu vumbi na mafuta ya mikono huifanya gilezi ijikusanye na kuacha mabaka matupu. Chovya sekunde mbili hadi tatu. Gilezi mbili zikipandana, zipandane kwenye theluthi ya juu tu, maana mchanganyiko mara nyingi huyeyuka mapema kuliko kila moja peke yake na kuteremka. Kitako, na milimita 5 juu yake, vifutwe kabisa. Gilezi ikigusa rafu, chombo na rafu vinaganda pamoja, na rafu ni mali ya kituo. Hakikisha udongo na gilezi vimekusudiwa kwa joto moja: udongo wa nyuzi 1230 uliopakwa gilezi ya nyuzi 1050 utang'aa vizuri, lakini mwili wake utabaki na vinyweleo na kikombe kitavujisha maji.

Usafi si adabu tu. Vumbi la udongo lina silika, nayo huharibu mapafu polepole bila dalili ya mapema. Hakuna kufagia pakavu wala kusugua chombo kikavu kwa msasa. Meza na sakafu vinafutwa kwa kitambaa kilicholowa, na robo saa ya mwisho ya kila kipindi ni ya kazi hiyo. Vifaa vioshwe kwenye ndoo tatu mfululizo, maji ya kwanza hadi safi, ili udongo usizibe bomba. Mashapo ya ndoo hayo hukandwa upya.

Kabla ya kukubali kazi, uliza vipimo vya ndani vya tanuri, joto lake la juu, nani mwingine anaitumia, chumba chake kinatoa moshi nje au la, na nani anapakia na kupakua. Kozi hii ina machomo manne. Kila chomo lina saa kadhaa za kupanga, kuangalia na kutoa, ambazo mikataba mingi haizitaji, na kama ni zako, ziandikwe na zilipwe. Uliza pia vyombo visivyochukuliwa vinakaa rafuni kwa muda gani. Siku 30 baada ya kipindi cha mwisho zinatosha, mradi ziwe zimeandikwa kwenye fomu ya kujiandikisha.