Karoti yenye miguu miwili haikuwa inakwenda jalalani

Juzi jamaa kaniletea kikapu cha karoti zilizopinda, zingine zina miguu miwili kama suruali, uso umemjaa fahari. "Mtaalamu, si nimeziokoa hizi zisitupwe?" Nimeshinda kwenye meza ya kupanga mazao kwa madaraja miaka mingi, na swali hili nimelichoka. Nikamwambia umezinunua. Kuokoa ni habari nyingine.

Watu wanadhani daraja la pili, yaani mazao yenye kasoro, maana yake ni takataka. Siyo. Nyanya isiyo na umbo inakwenda kusagwa, na ndani ya sosi hakuna anayeuliza sura yake. Tufaha lenye kovu linakamuliwa. Linalobaki linaliwa na mifugo. Hata zile karoti fupi laini zinazouzwa kwenye mifuko zilianza hivyo: mwaka 1986 mkulima wa California, Mike Yurosek, alichoka kutupa zilizovunjika na kupinda, akaanza kuzichonga vipande. Ukimlipa mkulima zaidi ya kiwanda kinavyomlipa, umemfaa, na hilo silibezi. Ila kilo ile ingeliwa tu.

Kinachonikera zaidi ni hili neno "kasoro", maana limebeba vitu viwili visivyofanana. Shika nyanya mbili. Ya kwanza ina kovu la kahawia, kavu, gumu kama gome. Ganda limeshajifunga, nayo itakaa siku zilezile za wenzake wazuri. Ya pili inang'aa, ila pembeni ya kikonyo ina mpasuko mbichi, mwembamba kama unywele, na ukiubonyeza kidole kinalowa. Hiyo inapoteza maji, kuvu wameshapata mlango, na kesho kutwa itakuwa imelainika na kuwachafua majirani zake. Muuzaji anazimwaga zote mbili kreti moja, anashusha bei, nawe unabeba mfuko mkubwa kwa sababu ni rahisi. Siku ya nne unamwaga nusu. Jalala limehama tu, kutoka bandani kwetu hadi jikoni kwako. Na jikoni ndiko kwenye balaa: ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema kati ya tani bilioni 1.05 za chakula zilizotupwa duniani mwaka 2022, asilimia 60 zilitoka majumbani na 12 tu madukani. (Hesabu hiyo haigusi shambani.)

Sheria za umbo la mazao nazo zisizidishiwe lawama. Umoja wa Ulaya ulifuta viwango vya umbo kwa aina 26 za matunda na mboga Julai 2009, tango lililopinda likiwemo. Maduka makubwa yakabaki na masharti yao wenyewe, kwani tango lililonyooka linapangika vizuri kwenye boksi. Basi.

Ziada ni mnyama mwingine kabisa. Joto linaivisha kila kitu wiki moja, bei inaanguka chini ya gharama ya kuchuma, na mazao mazuri, yaliyonyooka, hayana hata doa, yanalimiwa ardhini. Hapo ndipo mnunuzi anaweza kuokoa kweli, mradi bei yake ilipe wachumaji, kreti na lori. Sura haihusiki.

Na mimi siwezi kujifanya nina hesabu safi. Kuna wiki tulitangaza daraja la pili kwa bei ya chini, kufika saa nne asubuhi limekwisha, tukapongezana. Jioni kreti za daraja la kwanza zikarudi bandani zimelegea, kwa sababu wateja walikuwa walewale na matumbo yalikuwa yaleyale. Tulipima tulichouza. Kilichorudi hakuna aliyekipima, mimi nikiwa mmojawapo.

Yule jamaa nilimrudishia kikapu, baada ya kutoa karoti tatu zilizokatwa na jembe. Nikamwambia hizi apike leo, zenye miguu miwili hazina haraka.