Uwanja mkubwa hautoshi: mambo ya kujua kabla ya kuchukua mbwa mchungaji kituoni

Tangu tuanze kampeni ya kuwatafutia nyumba mbwa wakubwa walioko kwenye kituo chetu cha kuhifadhi mbwa, maombi yameongezeka, na tunawashukuru wote waliojitokeza. Malalamiko nayo yameongezeka. Mengi yanahusu kundi moja tu: mchungaji wa Kijerumani, ambaye wengi humwita mbwa wa polisi, ndugu yake Malinois wa Ubelgiji, na machotara wao. Ametafuna mlango. Amefukua bustani yote. Amemwangusha bibi. Anabweka usiku kucha na majirani wamechoka. Anawakimbiza watoto na kuwabana visigino kwa meno. Ukiyasoma mfululizo, unaona kwamba mara nyingi mbwa hana kasoro yoyote. Anafanya kile ambacho wazazi wake walichaguliwa kizazi baada ya kizazi wakifanye, ila hakuna aliyempa mahali pa kukifanyia.

Makala haya nayaandika kwa mtu mwenye nia njema ambaye moyo wake umeshaamua. Habari za chakula, maji safi na banda lisilovuja sitazigusa.

Mchungaji wa Kijerumani anahesabiwa kuanzia mwaka 1899, pale ofisa wa zamani wa jeshi, Max von Stephanitz, alipomnunua mbwa mmoja wa kuchunga kondoo, akampa jina Horand von Grafrath na kumwandikisha kuwa wa kwanza katika daftari la mbegu hiyo. Sura nzuri haikuwa hoja yake. Alitaka mbwa wa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda na kurudi pembeni mwa kundi kutwa nzima, kama ua unaotembea, kondoo wasiingie kwenye mazao, huku sikio likiwa kwa mchungaji. Miguu ya kwenda kutwa na sikio lisilomwacha mwenyewe: hayo mawili ndiyo unayoyapeleka nyumbani. Dume aliyekomaa ana kilo 30 hadi 40 na kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani. Jike ana kilo 22 hadi 32. Malinois ni mwepesi zaidi, na kwa sababu hiyo watu hudhani ni rahisi zaidi. Ni kinyume chake.

Katika fomu yetu ya maombi kuna swali linalouliza mbwa atafanya nini kila siku. Jibu tunalolipata mara nyingi kuliko yote ni hili: "Uwanja ni mkubwa, atakimbia mwenyewe." Hatakimbia mwenyewe. Tunapokwenda kuwatembelea waliopewa mbwa kwa majibu ya namna hiyo, tunachokikuta ni njia nyembamba iliyochimbika kando ya uzio, nyasi zimekufa, udongo umekuwa mgumu, na kwenye kona ambapo mbwa hugeuka pamekwanguliwa na kucha. Huyo amekimbia, ndiyo. Amekimbia kilometa nyingi akifukuza kila kivuli kinachopita nje, na kila siku inayopita anazidi kukosa utulivu. Uwanja ni mahali pa kujisaidia na kuota jua. Mazoezi ni wewe.

Mchungaji mzima mwenye afya anahitaji kama saa mbili za shughuli kwa siku, zikigawanywa asubuhi na jioni, wakati jua halijawa kali. Sehemu ya muda huo lazima iwe kazi ya akili, na hapa ndipo waombaji wengi hawatuamini. Chukua konzi ya chakula chake kikavu, kitawanye kwenye nyasi ndefu, kisha mwache akitafute punje kwa punje. Utamsikia akivuta hewa kwa nguvu, mkia umetulia, kichwa hakiinuki. Baada ya robo saa ya kazi hiyo wengi wao hulala wenyewe, jambo ambalo robo saa ya kurushiwa mpira haileti kabisa. Mpira unaorushwa mfululizo humpandisha mbwa jazba, na kuna wanaofika mahali hawawezi tena kutazama kitu kingine. Mafunzo ya utii nayo yawe mafupi, dakika tano hivi, mara kadhaa kwa siku, na malipo yawe chakula au mchezo. Ambaye hajafikisha mwaka mmoja na nusu asikimbizwe pembeni mwa baiskeli wala kurukishwa vizuizi. Mifupa yake bado inakua, na madhara utayaona kwenye nyonga baadaye.

Niseme wazi kuhusu mnyororo. Bado kuna watu wanaoamini kwamba mbwa akifungwa mchana kutwa na kufunguliwa usiku ndipo anakuwa mlinzi hodari. Mbwa wa namna hiyo anakuwa mwoga, na mwoga mwenye kilo 35 humrukia yeyote, awe mwizi, mtoto wa jirani au mwenye nyumba aliyechelewa kurudi. Kulinda ni kujua nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani, na hilo mbwa hulijifunza kwa kuishi na watu. Hatumpi mbwa mtu anayekusudia kumfunga, na ukaguzi wa baadaye ukionyesha kwamba amefungwa, tunamrudisha kituoni siku hiyo hiyo. Kuhusu kuhasi, ambako pia kunalaumiwa kwamba kunamfanya dume awe legevu: mbwa aliyehasiwa hubweka mgeni akija kama alivyobweka kabla. Kinachopungua hasa ni kuzurura akitafuta majike.

Siku za kwanza ndizo za hatari zaidi ya kumpoteza. Watu wa kazi yetu huzungumzia siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuanza kuelewa ratiba, miezi mitatu kabla hajajiona yuko kwao. Ni makadirio tu, na aliyekaa kituoni muda mrefu huchukua zaidi. Katika siku hizo usialike ndugu waje kumwona, usimwogeshe, usimpeleke sokoni. Mtoe akiwa na kamba mbili, moja kwenye mkanda wa shingo na nyingine kwenye mkanda wa kifuani, hata ndani ya uwanja wenye uzio. Uzio wenyewe usipungue mita 1.8, ukuta wa mita moja na nusu Malinois anauruka bila shida. Kagua na sehemu ya chini, kwa sababu asiyeruka huchimba. Pia mzoeze kubaki peke yake kwa dakika chache kabla hujamwachia saa nyingi. Milango mingi iliyotafunwa tunayoletewa picha zake ilitafunwa Jumatatu ya kwanza, baada ya familia kukaa na mbwa mwisho wote wa wiki na kisha kutoweka ghafla.

Kuhusu watoto, kubana visigino ni tabia ya kuchunga. Kinachokimbia na kupiga kelele, yeye hukikusanya. Simamisha mchezo, mwite mbwa, mpe kazi nyingine, na usimwache peke yake na watoto wadogo, hata awe mpole namna gani. Hilo halina mjadala.

Kwa upande wa afya, nyonga na viwiko visivyokaa sawa ni ugonjwa wa familia hii, kwa hiyo usimwache anenepe. Lakini kuna jambo moja linaloua kwa saa chache: tumbo kujaa hewa na kujipindua. Mbwa wenye kifua kirefu ndio hupatwa zaidi. Ukiona tumbo limevimba na kukaza, mbwa hatulii, mate yanamtoka, anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, usisubiri kupambazuke. Nenda kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Na tafadhali, usimchome dawa ya minyoo na kupe iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Baadhi ya mbwa wachungaji wana kasoro ya kurithi inayoruhusu ivamektini, iliyomo katika nyingi ya dawa hizo za ng'ombe, kuingia kwenye ubongo, na kipimo kikubwa cha mifugo kinaweza kumpooza au kumuua.

Sasa utaratibu. Ukishajaza fomu, tunakuhoji, kisha tunakuja kuangalia mahali atakapokaa; ukaguzi huo si wa kupima utajiri wako, ni wa kuangalia uzio, kivuli na nani anashinda nyumbani. Kila anayeishi ndani ya nyumba lazima aje kuonana na mbwa, na mwenye mbwa mwingine aje naye ili wakutanishwe nje, wakitembea sambamba. Baada ya hapo ndipo mkataba unasainiwa. Mkataba unakutaka umpeleke chanjo ya kichaa cha mbwa kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, usimzalishe, usimuuze wala kumpa mtu mwingine, na ukishindwa umrudishe kwetu. Anayevunja masharti haya hunyang'anywa mbwa na jina lake huingizwa kwenye orodha ya watu wasiopewa mnyama tena. Kusema kwamba ulimpa shemeji yako tu hakubadilishi chochote. Shemeji hakuhojiwa na nyumba yake hatuijui.

Kila mbwa hutoka akiwa na chipu chini ya ngozi. Narudia maelezo haya kwa sababu swali haliishi: chipu haionyeshi mbwa alipo. Haina betri wala haiwasiliani na simu yako. Ina namba ya tarakimu 15 tu, inayosomwa na kifaa kikishikwa karibu kabisa na mwili wa mbwa, na namba hiyo haina faida kama jina na simu yako havikuingizwa kwenye kumbukumbu. Ukibadilisha namba ya simu, tujulishe. Wako mbwa ambao wameokotwa wakiwa wazima na wenyewe hawakupatikana kwa sababu hiyo tu.

Akimuuma mtu, hata kama ana chanjo zote, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa aende hospitali siku hiyo bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Mbwa afungiwe mahali salama na achunguzwe kwa siku 10. Muda huo una sababu: mbwa aliyekuwa na virusi vya kichaa kwenye mate yake siku alipouma, dalili zitajitokeza au atakufa ndani ya siku hizo. Kwa hiyo usimuue, usimfiche, usimsafirishe. Ukifanya hivyo unawanyima madaktari jibu wanalolihitaji. Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, lakini wajibu humwangukia mwenye mbwa karibu kila mahali. England na Wales, anayeshindwa kumdhibiti mbwa akajeruhi mtu anaweza kufungwa hadi miaka 5, na hadi miaka 14 mbwa akiua. Toa taarifa mwenyewe kabla ya aliyeumwa kuitoa.

Ikiwa mambo yamekushinda, mrudishe. Sisemi hivi kwa shingo upande. Tunampokea wakati wowote, hata baada ya miaka, na hatukudai maelezo ya kujitetea. Tunachohitaji ni ukweli. Usituandikie "ni mkali" na kuishia hapo. Andika alifanya nini, nani alikuwepo, na nini kilitokea sekunde chache kabla, kwa sababu mbwa aliyebweka alipokanyagwa mkia na mbwa aliyemfuata mgeni hadi getini na kumuuma hawapelekwi nyumba za aina moja. Kuna waliotuficha tukio la kuuma wakidhani wanamwokoa mbwa, naye akapelekwa kwenye nyumba yenye watoto.

Piga simu kwanza ili tuandae chumba chake cha pekee. Njoo na kadi ya chanjo, chakula alichozoea cha siku tatu au nne, na tandiko lake bila kulifua. Usiondoke kabla ya kusaini fomu ya kuhamisha namba ya chipu. Bila saini hiyo mbwa bado ni wako kwenye kumbukumbu, na lolote litakalotokea litaandikwa kwa jina lako.