Barua ya Kukubaliwa Uzamivu Marekani: Isome Mstari kwa Mstari

Ukiwa wa kwanza katika ukoo kufika uzamivu, barua ya kukubaliwa ikija shangwe huwa kubwa, na barua yenyewe haisomwi. Mwenye kaka au mjomba aliyepitia njia hii angeulizwa mara moja: posho ni ya miezi mingapi? Usipokuwa naye, jiulize mwenyewe.

Barua nyingi za vyuo vya Marekani huahidi mambo matatu: kufutiwa ada, posho na bima ya afya. Anza na posho. Dola 2,500 kwa mwezi kwa miezi 12 ni dola 30,000. Kwa miezi 9 ni 22,500. Hizo 7,500 zinazopungua ni chakula na kodi ya nyumba ya kipindi cha joto, na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, haikuruhusu kutoka tu ukatafute kibarua mjini. Muhula ukiendelea, kazi za ndani ya chuo nazo zina kikomo cha saa 20 kwa wiki, na usaidizi wa ufundishaji, yaani kazi ya kumsaidia profesa kufundisha ili upate posho, mara nyingi huzimaliza zote. Mwandikie mratibu wa idara: wanafunzi wenu huishije kuanzia Juni hadi Agosti?

Kufutiwa ada si kufutiwa kila kitu. Kuna michango ya kila muhula, ya huduma za chuo, ya teknolojia, wakati mwingine ya wanafunzi wa kigeni peke yao, na hufika mamia ya dola. Omba orodha yake. Kuhusu bima, uliza kama chuo kinalipa yote au sehemu.

Mahali watu wanapoumia zaidi ni chanzo cha posho. Ikitokana na kufundisha, idara ndiyo inayokubeba. Ikitokana na ruzuku ya utafiti ya profesa mmoja, umefungwa kwake: ruzuku ikiisha, akihama chuo, au mkishindwa kuelewana, posho nayo inatikisika. Uliza kwa maandishi, "Ruzuku ikikoma, idara itanigharamia?" na jibu ulihifadhi, kwa sababu maneno ya kwenye simu hayana ushahidi. Hesabu na miaka pia. Uzamivu huchukua miaka 5 au 6, aghalabu zaidi. Ahadi ya miaka 4 inakuacha mikono mitupu wakati wa kuandika tasnifu.

Usikubali kuharakishwa. Vyuo vingi vimetia saini makubaliano ya Council of Graduate Schools, chama cha vyuo vinavyotoa shahada za juu, ambayo chini yake mwombaji aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ukiambiwa ujibu Februari, taja makubaliano hayo kwa upole na uombe muda. Kama una barua mbili, unaweza kuiambia idara unayoipenda kwamba nyingine imetoa posho kubwa zaidi, ukauliza kama wana nafasi ya kuongeza. Sisi tuliolelewa kutobishana na mwalimu hili linatuwia zito, lakini kule ni mazungumzo ya kawaida, na ni nadra mtu kunyang'anywa nafasi kwa kuuliza kistaarabu.

Gharama za kabla ya safari hazimo kwenye barua. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, nayo hulipwa kabla ya usaili wa viza. Kisha ada ya viza yenyewe, nauli na amana ya nyumba. Ukifika Agosti, posho ya kwanza huenda ikaingia mwishoni mwa Septemba. Uliza mapema kama idara ina fedha za kuhamia au mkopo mdogo wa dharura.

Kabla ya kusema ndiyo, zungumza na wanafunzi wawili wa profesa atakayekusimamia, yeye asiwepo. Waulize walioacha masomo waliacha kwa nini.

Nyumbani taja kiasi kinachobaki baada ya kodi ya nyumba na chakula. Ukitaja dola 30,000 zikageuzwa shilingi, harusi tatu zitakuwa zimekuwekea mchango kabla hujapanda ndege.