"Ukifika tu lugha itaingia" na mengine niliyoambiwa kabla ya Leipzig

Kabla sijaondoka Dar es Salaam kwenda Leipzig, Ujerumani, kusoma Kijerumani, kila mtu alikuwa mtaalamu. Mjomba aliyewahi kufika Frankfurt kubadili ndege tu ndiye aliyekuwa na ushauri mwingi kuliko wote.

"Kaa nao miezi mitatu, utaongea mwenyewe." Hili limewapoteza wengi. Ukitoka darasani unarudi chumbani, simu imejaa Kiswahili, marafiki ni Watanzania na Wakenya, na dukani muuzaji akiona unatafuta neno anahamia Kiingereza. Lugha haina pa kuingilia. Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani inayofundisha lugha yao, hukadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufika B1, ngazi ya tatu kati ya sita. Kwa vipindi vinne kila siku ya kazi, hiyo ni miezi minne hadi minane, na vyuo vikuu, kwa masomo yanayofundishwa kwa Kijerumani, kwa kawaida hudai ngazi ya juu ya hapo. Mimi kilichonisaidia ni maneno matatu, "Auf Deutsch, bitte", yaani kwa Kijerumani, tafadhali. Yaseme hata kama foleni nyuma yako inaguna.

"Kitakachokutesa ni der, die, das", yaani vineno vinavyoonyesha jinsia ya nomino. Sisi wenye ngeli chungu nzima tuogope jinsia tatu? Mimi kilichonitesa ni saa.

Mwalimu alisema tukutane "halb neun". Neun ni tisa, halb ni nusu. Kichwa changu kikafanya hesabu ya Kiswahili: tisa ya Kizungu ni saa tatu, ongeza nusu, basi saa tatu na nusu. Nikatokea nimeoga, nimechana nywele, nimechelewa saa nzima. Kumbe Mjerumani anahesabu saa inayojazwa, si iliyokwisha. Halb neun ni nusu ya saa ya tisa, yaani saa mbili na nusu asubuhi. Leipzig wanazidisha: "viertel neun" ni saa mbili na robo, na "dreiviertel neun" ni saa tatu kasorobo. Ukienda Hamburg na "viertel neun" yako huenda wakakukodolea macho, maana wao husema robo baada ya nane. Hadi leo mtu akinipangia miadi kwa mdomo, namwomba aandike.

Na usitegemee kusikia mitaani Kijerumani cha kwenye kanda za darasani. Wasaksoni, wenyeji wa eneo la Leipzig, hulegeza p, t na k hadi zinasikika kama b, d na g, na mzee wa huko akikujibu "nu", amekubali.

"Ukipata chumba, umemaliza." Ndiyo kwanza umeanza. Tangazo likisema "kalt" (baridi), bei hiyo haina gharama za joto wala maji. Uliza "warm", yaani pamoja na gharama hizo, ni ngapi, kisha uliza kama umeme umo. Amana kisheria haizidi kodi "kalt" ya miezi mitatu, kwa hiyo anayetaka zaidi mkimbie. Ukishahamia una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya manispaa, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake. Usiondoke bila karatasi hiyo, hata akikuambia ataituma baadaye.

Halafu kuna kisanduku cha barua. Sisi tuliozoea S.L.P. hatulifikirii hili. Ghorofa nyingi kule hazina namba za vyumba. Mtu wa posta anatafuta jina. Nilisubiri namba ya siri ya kadi yangu ya benki wiki tatu, nikimlaumu kila mtu, mpaka jirani mmoja bibi akanishika mkono, akanishusha chini na kuninyooshea kidole kisanduku changu. Kilikuwa bado na jina la mpangaji aliyehama. Barua zilikuwa zinarudishwa zilikotoka. Akanipa kipande cha plasta nyeupe na kalamu.

"Pesa utatafuta hukohuko." Viza inataka kuiona kabla. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, tangu Septemba 2024 kiwango kiliwekwa euro 11,904 kwa mwaka, kwenye akaunti inayokuachia 992 kila mwezi. Wa kozi ya lugha peke yake hudaiwa zaidi. Tangu Machi 2024 naye anaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki, lakini kibarua gani utapata ukiwa A1, ngazi ya kwanza kabisa ya lugha?

"Wajerumani hawasalimiani." Barabarani, kweli, kila mtu na njia yake. Ila panda ngazi za jengo lenu bila kusema lolote uone utakavyoangaliwa. Mara ya kwanza nilipokaa chumba cha kusubiria daktari, kila aliyeingia alitusalimia wote, nikadhani wanajuana. Siku hizi nami nikiingia nasema "Morgen", habari za asubuhi, na watu saba wenye mafua wanaitikia bila kuinua macho.