Kabla ya kununua redio za mkononi, halmashauri ipande kwanza mlimani

Halmashauri ikitenga fedha za mawasiliano kwa ajili ya jengo la usalama na uokoaji, kitu cha kwanza kuingia kwenye jedwali la vifaa huwa redio za mkononi. Zinahesabika kirahisi, zinagawiwa, na siku ya makabidhiano zinapendeza kwenye picha. Mimi ni fundi wa mitambo ya simu za upepo, na kwa jiji kama Mbeya ningeomba kasma hiyo ipangwe kinyume kabisa: mlima kwanza, halafu mnara na umeme wake, halafu chumba cha mawasiliano. Redio za mkononi zije mwisho.

Ardhi yetu ndiyo inayodai hivyo. Mji umekaa kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Mlima Loleza uliosimama juu yake unafika mita 2,656. Kati ya kata za Iwambi na Igawilo kuna vilima, mabonde na makorongo, na mawimbi ya redio hizi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Askari wawili wenye redio za wati 5 wakiongea moja kwa moja watasikilizana kilomita chache tu. Kilima kikikaa katikati, hata hizo hawazipati. Kinachowaunganisha ni ripita, yaani mtambo unaokaa juu, unaopokea sauti kwa masafa fulani na papo hapo kuirusha upya kwa masafa mengine. Ripita moja iliyokaa mahali pazuri ina thamani kuliko redio mia moja zisizo nayo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Wakiambiwa mawasiliano ni hafifu, wanaagiza ripita yenye nguvu zaidi: wati 50, wakiweza wati 100. Matokeo yake, mtu aliye bondeni anasikia kituo vizuri sana, lakini yeye akijibu hasikiki. Ripita inapiga kelele kwa wati 50, mtu wa bondeni ana wati zake 5, tena redio ameining'iniza kiunoni, mwili wake ukizuia nusu ya mawimbi. Kuongeza nguvu ya ripita hakumsaidii hata kidogo, kwa sababu safari dhaifu ni ile ya kupanda, si ya kushuka. Anayesaidiwa na wati nyingi ni msikilizaji, na kwenye ajali mwenye habari ni yule aliye bondeni.

Dawa yake ni antena iliyo juu na iliyo wazi, kebo nzuri, redio za kwenye gari zenye wati 25 au zaidi kwa magari ya wagonjwa na ya doria, na pale ambapo mlima umeziba kabisa, kipokezi cha pili upande wa pili wa jiji kinachopeleka sauti kituoni. Kipokezi hicho ni kifaa kidogo ambacho sioni kikiingizwa kwenye makisio mara nyingi. Ningefurahi sana kukiona.

Nimetaja kebo, na sitaipita haraka. Chukua mnara wa mita 30 na ripita ya masafa ya VHF ya wati 50. Ukifunga kebo nyembamba aina ya RG-58, inayopatikana maduka mengi, kwenye antena zitafika wati 12 hivi. Zilizobaki zimegeuka joto njiani. Ukifunga kebo nene ya nusu inchi, zitafika zaidi ya 40. Kwa UHF, yaani masafa ya juu kuliko VHF, hali ni mbaya zaidi, ile nyembamba itafikisha wati 5 tu. Na hasara hiyo hiyo inaikumba sauti inayoshuka kutoka kwenye antena, ya yule mtu wa wati 5. Kwenye zabuni, kebo huandikwa mstari mmoja, "kebo ya antena, mita 30", na mzabuni ataleta iliyo nafuu kwa sababu hakuna aliyemkataza. Andikeni upotevu unaokubalika. Andikeni pia kwamba viungio vyote vifungwe utepe wa kuzuia maji, maana mlimani ukungu na mvua vitaingia tu mahali palipoachwa wazi.

Loleza tayari ina minara, na kuomba nafasi kwenye mnara uliopo ni nafuu kuliko kujenga wenu. Lakini mnara wenye wapangaji wengi una mitambo mingi inayorusha kwa pamoja, na mawimbi hayo yakichanganyika huzaa masafa ya ziada yanayoweza kuangukia hasa pale ripita yenu inaposikiliza. Pimeni kabla ya kusaini, na mtenge fedha za vichujio. Masafa yenyewe yanatolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Ada yake hurudi kila mwaka, kwa hiyo iwe kwenye bajeti ya uendeshaji, isifichwe kwenye fedha za mradi zitakazoisha.

Umeme. Ripita ya wati 50 inakula ampea 11 hivi ikirusha, na ampea moja ikiwa imetulia. Siku ya maafa chukulia kwamba theluthi ya muda inarusha. Betri za ampea-saa 200, zikitumika nusu ili zisife mapema, zitaibeba karibu siku nzima. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho ningekubali, kwa sababu mvua kubwa inayokata umeme ndiyo hiyo hiyo inayoharibu barabara ya kupeleka jenereta. Aprili 2024, tope la Mlima Kawetere liliposhuka na kufunika nyumba kule Itezi, ilikuwa ni kipindi hicho hicho cha mvua. Paneli za jua ziongezwe, ila zipimwe kwa miezi ya mawingu, si kwa Agosti.

Radi nayo ina msimu wake huku nyanda za juu, kuanzia Novemba mvua zinapoanza. Mnara, chumba cha mitambo na umeme wa jengo viunganishwe kwenye athi moja, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, ipimwe na kuwa chini ya ohmu 10, na kebo iwekewe kinga pale inapoingia ndani. Athi mbili zisizounganishwa ni hatari kuliko watu wanavyodhani: radi ikipiga, umeme hutafuta njia kutoka moja kwenda nyingine, na njia yenyewe ni mitambo yenu.

Kuhusu analogi au dijitali sina ugomvi mkubwa. Mfumo wa kidijitali wa DMR unabeba mazungumzo mawili kwenye chaneli moja ya kilohezi 12.5, na hilo ni jambo kubwa kwa jiji lenye ripita chache. TETRA, mfumo mwingine wa kidijitali, ni nzuri, lakini inataka vituo vingi, na sioni jiji letu likivimudu peke yake. Chochote mtakachochagua, faili la mipangilio ya redio, programu yake, nywila na kebo ya kuiingizia vikabidhiwe kwa halmashauri kwa maandishi. Nimeona taasisi imeshindwa hata kubadili jina la chaneli kwa sababu vyote hivyo vilibaki kwenye kompyuta ya mzabuni.

Na kuna swali ambalo mtambo hauwezi kulijibu: nani ataongea na nani? Zimamoto si mali ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ililiweka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Polisi wana redio zao. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko chini ya Wizara ya Afya. Halmashauri ina vituo vya afya, watendaji wa kata na mgambo. Mwananchi atapiga namba za dharura, 114 au 112, na jengo jipya litakuwa na maana iwapo tu taarifa hiyo itawafikia wote waliobaki kwa sekunde chache. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, la SIDO likaungua 2017. Moto wa soko unahitaji maji, barabara iliyofunguliwa na gari la wagonjwa kwa wakati mmoja. Chaneli moja ya pamoja, iliyokubaliwa na kusainiwa na taasisi zote kabla zabuni haijapandishwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, haigharimu karibu chochote.

Mwisho, malipo. Mkataba useme asilimia fulani ya fedha itashikiliwa hadi majaribio yafanyike kwa redio ya mkononi, ikiwa kiunoni, mtu akiwa ndani ya Soko la Mwanjelwa, kwenye mteremko wa Iwambi, Itezi chini ya mlima, Uyole stendi na Igawilo. Kila mahali aongee yeye, na aliye chumba cha mawasiliano aandike alichosikia. Kata isiyosikika irudishwe kwa mzabuni, na hundi isubiri.