Je, wajua kwa nini msanii maarufu bado hutetemeka kabla ya kupanda jukwaani?

Wengi huamini kwamba hofu ya jukwaa ni shida ya wanaoanza. Chipukizi atatetemeka, sauti itamkwama, pengine atasahau ubeti mzima. Lakini mpe miaka kumi na mashabiki wa kutosha, hofu itamtoka yenyewe. Dhana hii haikutoka hewani. Mambo mengi tunayoyaogopa hupoteza makali tukiyazoea, na msanii mkubwa tunayemwona chini ya taa anaonekana mtulivu kweli.

Mwaka 1901 Pablo Casals, mpiga selo (fidla kubwa inayopigwa mpigaji akiwa ameketi) kutoka Catalonia, Hispania, aliyekwisha kujipatia jina Ulaya, alikuwa matembezini kwenye Mlima Tamalpais huko California pale jiwe lilipoporomoka na kumponda vidole vya mkono wa kushoto. Alisimulia baadaye kwamba wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kumshukuru Mungu, kwa kuwa sasa hatalazimika tena kupiga selo. Vidole vilipona, naye akapiga hadi uzeeni. Hofu ya kabla ya onyesho haikumwacha.

Mwigizaji Laurence Olivier wa Uingereza alipatwa na makali ya hofu hiyo katika miaka ya 1960, akiwa na karibu miaka 40 ya uigizaji na akiwa ndiye mkurugenzi wa kwanza wa National Theatre. Ilifika mahali akawaomba waigizaji wenzake wasimtazame machoni anapozungumza jukwaani. Mwimbaji wa Marekani Barbra Streisand naye, mwaka 1967, aliimba mbele ya watu zaidi ya 100,000 katika Central Park jijini New York, akasahau maneno ya nyimbo zake. Hakufanya tena ziara ya muziki hadi 1994.

Hawa si watu waliokosa mazoezi wala kipaji. Hapo ndipo dhana ile inapoumiza: ikiaminika kwamba anayeogopa ni asiyejua kazi, msanii mwenye jina hatathubutu kusema anaogopa. Atajifungia chumba cha nyuma, atatapika, atajipangusa, kisha atatoka akitabasamu. Tunachokiita utulivu wa nyota mara nyingi ni siri iliyotunzwa vizuri.

Upande wa mwili hauna fumbo kubwa. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hukimbia, mate hukauka, vidole hupoa kwa sababu damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, na mikono hutetemeka. Kwa mtu anayekimbia simba hayo yote ni msaada. Kwa mpiga fidla anayetaka upinde utulie, au mwimbaji anayehitaji koo lenye unyevu, ni balaa.

Jambo la kustaajabisha zaidi hutokea katika umakini. Mfikirie mtu anayeshuka ngazi za nyumba aliyoishi miaka mingi. Miguu inajua njia, yeye anaweza kuwa anaongea au amebeba mzigo. Sasa mwambie kuna watu wanamtazama, na akiteleza watamkumbuka kwa hilo tu. Ataanza kuiangalia miguu yake: huu uende hapa, kisigino kitangulie, goti likunjwe kiasi gani? Kazi iliyokuwa ikifanyika bila kufikiriwa sasa inapitia kwenye fikra, hatua moja moja, na fikra ni nzito mno kuliko mazoea ya mwili. Hapo ndipo mtu hujikwaa kwenye ngazi anazozijua kuliko zote. Kumbuka pia kwamba mgeni wa nyumba ile hapati shida hiyo kwa namna hiyo hiyo, kwa sababu yeye tangu mwanzo anashuka kwa kufikiri. Hana mazoea ya kuvurugwa. Wimbo ulioimbwa mara elfu umo katika mwili kama vile ngazi zile zilivyo katika miguu. Mwimbaji akianza kujisikiliza na kujiuliza neno linalofuata ni lipi, neno humponyoka.

Umaarufu huingia hapo. Haumwongezei msanii ustadi, unamwongezea macho. Mashabiki wameisikia rekodi iliyosafishwa studioni na watailinganisha na sauti ya usiku huu. Simu zimeinuliwa, na kosa la sekunde mbili litaonekana dunia nzima kabla onyesho halijaisha. Nyuma yake kuna wanamuziki, mafundi na waandaaji ambao ujira wao unategemea koo moja. Chipukizi akikosea amepoteza usiku mmoja. Mwenye jina anahisi anaweza kupoteza jina lenyewe.

Si kila anayelikimbia jukwaa amefukuzwa na hofu, na ni vyema kulitamka hilo. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliacha maonyesho mwaka 1964 akiwa na miaka 31, lakini alikuwa pia na imani thabiti kwamba muziki wake ungestawi zaidi studioni. Wala si kila hofu ni adui. Wengi hudai kwamba wasiwasi wa kiasi huboresha kazi, wakirejea utafiti wa wanasaikolojia Yerkes na Dodson wa mwaka 1908. Utafiti huo ulifanywa kwa panya, kwa hiyo uzito wake kwa mwimbaji ni mdogo kuliko unavyotangazwa.

Njia za kujiokoa ni nyingi na baadhi ndizo zinazomaliza watu. Pombe hutuliza haraka, ndiyo maana ni hatari: onyesho linalofuata litaidai tena, na kwa kipimo kikubwa zaidi. Dawa kama propranololi, zilizoanza kutumika katika miaka ya 1960 kwa maradhi ya moyo, huzuia adrenalini isiuchochee moyo na hupunguza mtetemo wa mikono. Katika uchunguzi wa miaka ya 1980 kwa wanamuziki zaidi ya 2,000 wa okestra za Marekani, 27 kati ya kila 100 walisema wamewahi kutumia dawa za aina hiyo, wengi wao bila kuandikiwa na daktari. Hilo linatisha, kwa sababu mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya akizimeza.

Kuna njia isiyo na kidonge. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambamo baadhi ya watu, kabla ya kuimba karaoke, walitakiwa kusema kwamba wana msisimko badala ya kusema wana wasiwasi. Mapigo ya moyo yalibaki juu, lakini waliimba vizuri zaidi. Waliopimwa walikuwa watu wa kawaida, waliokuwa wakiimba katika maabara bila jina la kulinda.